Sponji Mfukoni mwa Nuala

Tusizungushane. Nuala Heffernan alikuwa na wivu, na kila mtu kwenye mazizi ya Fergal Mangan alilijua hilo, hata yule mbuzi mzee anayefungwa kando ya ghala la nyasi. Wivu wenyewe haukuwa wa mume, maana mume hakuwahi kuwa naye wala kumtafuta. Ulikuwa wa farasi. Farasi jike wa miaka mitatu, rangi ya kahawia, doa jeupe kwenye paji la uso, jina lake Doonara.

Nuala alikuwa na miaka hamsini na sita, na arobaini kati ya hiyo aliimaliza kwenye mazizi ya uwanda wa Curragh, hapa Ireland. Alianza akiwa na miaka kumi na sita, siku ambayo mama yake alimfungia mkate wa magadi kwenye kitambaa, akampa buti za kaka yake na kumwambia asithubutu kurudi nyumbani analia. Hakurudi analia. Amevunjika mkono mara mbili na mbavu mara moja, na meno mawili ya mbele mnayoyaona siku akicheka si yake. Chumba chake kiko juu ya chumba cha matandiko, ukuta mzima picha za farasi, na katikati yao Moyo Mtakatifu wa Yesu na taa yake nyekundu.

Nuala alimpokea Doonara kwa mikono yake. Aliletwa akiwa na mwaka mmoja na nusu, mkondefu, mwoga hata wa ndoo. Nuala ndiye aliyemzoesha tandiko, Nuala ndiye wa kwanza kumlalia mgongoni, na angemwendesha mpaka leo kama si nyonga. Nyonga ya kulia iligoma. Daktari akamwambia akianguka tena atatembelea kiti cha magurudumu. Basi yeye akabaki kulisha, kusugua, kuosha na kufunga bandeji, na kazi ya kumpanda Doonara asubuhi ikawa inamsubiri mtu mwingine.

Mtu huyo alifika Oktoba, anatafuna pipi ya mnanaa. Ivonete, mwanamke wa Kibrazili wa miaka ishirini na saba, mfupi, mwenye mikono ambayo hata Mangan, mtu mchoyo wa sifa, alisema haijawahi kuonekana uwandani. Wiki ya kwanza Doonara alimbeba kama yai. Wiki ya pili alikuwa akisikia tu buti za Ivonete zikikwaruza kokoto, kabla mwenyewe hajatokea, anatoa ule mlio mdogo wa puani ambao farasi humtolea anayempenda.

Roho ya Nuala ilimuuma, jamani. Mwaka mzima anamlisha, na hajawahi kuliliwa hivyo hata siku moja!

"Shangazi," Ivonete alisema asubuhi moja akishuka, uso umejaa matope na furaha, "leo huyu karuka kama chura!"

"Shangazi yako nani? Mimi nina mpwa mmoja tu, yuko Manchester, na hata baiskeli hajui kupanda."

"Basi nikuite nani?"

"Niite ukiwa na shida. Ukiwa huna, pita."

Ivonete akacheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Nuala alikuwa amekwisha kuanza vituko vyake: kikombe cha Ivonete kilikuwa kikikutwa nyuma kabisa ya kabati, mikanda ya kukanyagia ya tandiko lake ilikuwa ikifupika yenyewe usiulize kwa nini, na chai ikipikwa ya watu tisa Nuala alikuwa akihesabu wanane. Mambo ya kitoto. Alijua ni ya kitoto na aliyafanya hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni desturi ya Mangan, maana ndipo kisa kilipo. Kila asubuhi, farasi wakitoka kupigishwa shoti, yeye husimama langoni na chupa yake ya chai. Kila farasi akipita anamuuliza anayempanda neno moja: "Mzima?" Naye anajibu, "Mzima, bosi." Saa sita anazunguka mabandani na kumuuliza anayemtunza neno hilo hilo. Watu wawili, farasi mmoja, jibu mara mbili. Mangan aliamini kwa njia hiyo hakuna kitakachompita. Na kulikuwa na jambo moja alilolirudia mpaka watu wakawa wanamwigiza wakinywa chai: "Damu puani nataka kuisikia kabla haijakauka."

Kwa sababu farasi wa mbio, akikazwa kweli kweli, mapafu yake huweza kupasuka vijishipa na kuvuja. Wengi huvuja ndani kwa ndani na hakuna ajuaye. Wachache damu hutokeza puani, hasa akiinamisha kichwa ale. Akigunduliwa mapema hupumzishwa, hutibiwa, huondolewa vumbi, na wengi huendelea na mbio zao. Lakini jina la mvujaji likishamganda, wenye farasi hawataki kumwona.

Nuala aliyajua hayo kuliko daktari. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, katika mazizi mengine ya mzee aliyekwisha kufa, alikuwa akitunza farasi dume aliyeitwa Tarbert. Siku moja aliona uzi wa damu kwenye pua yake. Akakimbia kusema, tena kwa majivuno, aonekane ana jicho kali. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi alifika na ndoo ya uji wa shayiri akakuta banda tupu, limekwisha kufagiliwa. Aliuliza Tarbert kapelekwa wapi, akaambiwa ashike wa banda la pili. Hakuna aliyewahi kumjibu swali lile. Tangu siku hiyo Nuala hutembea na sponji mfukoni.

Sasa Aprili, Jumamosi, Ivonete alimrudisha Doonara kutoka kwenye kazi ngumu, akamkabidhi, akaondoka. Nuala akamwona farasi anameza. Anameza, anatulia, anameza tena, kama mtu mwenye mwiba wa samaki kooni. Akamwekea nyasi chini. Doonara akainamisha kichwa, na kwenye tundu la pua la kushoto ukateremka uzi mwembamba wa rangi ya waridi.

Mkono wa Nuala ulikwenda mfukoni kabla akili haijafika. Akafuta, akakamua kwenye ndoo, akayamwaga maji kwenye mfereji, akafuta tena. Pua ikawa safi.

Saa sita Mangan akachungulia. "Mzima?"

"Mzima, bosi."

Na hapa niseme ukweli ambao Nuala mwenyewe asingependa niuseme. Aliogopa, ndiyo. Mwenye Doonara alikuwa Crotty, muuza mabati wa Dublin, mtu wa kuuza farasi kama anavyouza misumari, na Nuala aliona banda tupu la Tarbert mbele ya macho yake. Lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kingine, nacho kilikuwa furaha. Kumbe kulikuwa na jambo la Doonara ambalo yule mwenye mikono ya ajabu halijui! Wewe panda, mama. Pendwa. Siri ya mwili wake ninayo mimi.

Akaanza kumhangaikia kimya kimya. Nyasi zake alizilowesha kwenye maji ziondoke vumbi. Majani makavu ya kulalia aliyatupa, akaweka maranda ya mbao. Aliyeuliza aliambiwa farasi ana mafua kidogo. Kila baada ya kazi ngumu alisubiri na sponji, na kila mara alikuta kile kile, uzi mwembamba, wakati mwingine hata uzi hakuna. Akajituliza kwamba ni kidogo. Angekuwa mvujaji wa kweli, alijiambia, ningeona damu ya kueleweka.

Na Doonara alikuwa anashinda, ndilo lililowapumbaza wote. Mei alishinda mara mbili. Mangan akamwandikisha kwenye mbio za maili moja za Jumapili ya mwisho ya Juni, hapo hapo Curragh, mbio ambazo mazizi yake hayajawahi kuzigusa. Wiki yenyewe, wakati wa chai, akagawa kazi.

"Doonara ataongozwa na Ivonete."

Vikombe vilitua mezani. Kwetu huku siku ya mbio farasi hupandwa na mpandaji wa kukodiwa, na anayemtunza ndiye anayemwongoza kwa kamba mbele ya watu. Haijaandikwa popote kwa sababu haijawahi kuhitaji kuandikwa. Nuala alikuwa ameshalinyoosha koti lake la bluu kwa pasi.

"Na mimi?" aliuliza.

"Anatulia zaidi akiwa na Ivonete, Nuala, wewe mwenyewe unaona. Njoo na ndoo."

"Nije na ndoo."

"Na sponji," Mangan akasema, hana hili wala lile.

Ivonete alimfuata kwenye chumba cha matandiko. Alikuwa na wasiwasi usoni, akifungua na kufunga karatasi ya pipi. "Shangazi, sikuomba mimi. Nikamwambie akupe wewe?"

"Unihurumie wewe? Thubutu!"

"Si huruma. Kuna kitu kuhusu Doonara nilitaka tuzungumze, mimi na wewe tu..."

"Mimi na wewe hatuna la kuzungumza. Umemchukua mgongo, umemchukua mlio, sasa umechukua na kamba. Umebakisha mavi yake, hayo niachie mimi nizoe."

Ivonete akakunja karatasi ya pipi, akatoka. Nuala akabaki akisugua lijamu lililokwisha kung'aa. Angeweza kumwita. Hilo analijua mpaka leo. Badala yake alisimama pale akiiandaa Jumapili kichwani mwake: Doonara anarudi na kikombe, anainamisha kichwa, uzi wa damu unatokeza, Ivonete anababaika mbele ya watu wote hajui afanye nini, na hapo yeye Nuala anapita taratibu na sponji yake, anafuta mara moja, na kila mwenye macho anajua farasi yule ni wa nani. Hakutaka zaidi ya hapo. Alitaka uzi mmoja tu.

Jumapili jua lilitoka, kofia za wanawake zikatoka, na Crotty alikuja na wageni kumi na wawili. Nuala alisimama kwenye uzio na ndoo, akitazama mgongo wa Ivonete ndani ya koti la rangi ya maziwa, na kamba mkononi, na Doonara akimnusa mfukoni akitafuta mnanaa. Akina Hennessy wa mazizi ya jirani walimpitia wakamwona. "Aa, Nuala! Umepandishwa cheo, umekuwa mbeba maji?" Alitabasamu na meno yake yasiyo yake. Nusura awamwagie ile ndoo.

Mbio zikaanza. Doonara alikaa wa nne, akawa wa tatu, na zilipobaki mita mia nne akatoka nje akawapita wote. Uwanja ukanyanyuka. Mangan alikuwa anampiga Crotty mgongoni. Nuala alisahau nyonga, akaimwaga ndoo, akaipindua na kupanda juu yake akipiga kelele, "Nenda mama! Nenda mama yangu!" Na katikati ya kelele hizo Doonara akasimama. Hakujikwaa wala hakugongwa. Mwendo ulimwishia tu, kama mtu aliyekumbuka kaacha moto jikoni, na wengine wakampita kushoto na kulia. Mpandaji wake akashuka haraka. Doonara akatanua miguu, akainamisha kichwa mbele ya jukwaa zima.

Haikuwa uzi. Ilitoka kwenye matundu yote mawili kama bomba lililofunguliwa, nyekundu, na povu. Akapiga chafya, na koti la Ivonete halikuwa tena rangi ya maziwa.

Nuala aliruka uzio. Sijui nyonga ilimbebaje, lakini aliruka. Alifika akitoa sponji mfukoni, na Ivonete alikuwa amepiga magoti akimshika farasi kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anafuta. Anafuta kwa kitambaa. Nuala akakitazama kile kitambaa. Kilikuwa cheupe zamani, chenye maua pembeni, na juu yake kulikuwa na madoa ya kahawia yaliyokauka na kufuliwa na kukauka tena, doa juu ya doa, mengi kuliko damu ya siku moja.

"Hiki nini?" Nuala alisema. "Ivonete. Tangu lini?"

"Machi," Ivonete alisema akilia. "Kila nikimaliza shoti. Nashuka kule kwenye vichaka vya miiba, namwacha ainame mpaka iishe, namfuta, ndio narudi."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nani? Kwako? Ungemwambia bosi mikono yangu ndiyo imempasua. Ungeninyang'anya. Kila mtu anajua unanichukia." Akafuta tena. "Siku ile nilitaka kukwambia. Ukanifukuza."

Nuala alibaki na sponji mkononi. Kumbe ule uzi mwembamba aliokuwa akiuona ulikuwa mabaki tu. Damu nyingi ilikuwa ikiachwa vichakani, na ile kidogo ya mwisho ikimwagwa kwenye mfereji, na langoni kila siku Mangan anaambiwa mzima, na saa sita anaambiwa mzima.

Daktari wa farasi alimwingiza Doonara mpira mwembamba wenye kamera puani, nyuma ya pazia la kijani, na Mangan akaangalia kioo pamoja naye. Daktari hakupaza sauti.

"Hii si ya leo, Fergal. Huyu anavuja tangu majira ya baridi, mara kwa mara, na mnamkaza tu. Mngeniita Machi, miezi mitatu ya kupumzika na dawa, angekimbia miaka. Sasa hivi ashukuru yuko hai. Mbio kwake zimekwisha."

Mangan aligeuka. Akamwona Ivonete na kile kitambaa.

"Ulikuwa unajua," alisema. Uso ulikuwa umemsawajika. "Kila asubuhi unaniangalia machoni unasema mzima. Ulikuwa unajua!"

Ivonete hakujitetea. Aliinamisha kichwa, na hakumtaja mtu. Hebu fikirini nafasi aliyoipata Nuala pale. Sponji ilikuwa imesharudi mfukoni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Angenyamaza pumzi tatu tu, kesho yake yule mwanamke angekuwa anafunga mabegi, na Doonara, mgonjwa au mzima, angebaki bila mwingine wa kumlilia. Nuala aliyapima yote hayo, nisiwadanganye.

Lakini akawaza zaidi. Wote wamkumbuke Ivonete kuwa ndiye aliyejua? Ivonete peke yake ndiye aliyefuta pua ile, ndiye aliyeficha, ndiye aliyempenda Doonara kiasi cha karibu kumuua? Hata kosa hilo Nuala hakuweza kumwachia.

Akatoa sponji, akaitupa mezani mbele ya Mangan. "Na mimi," akasema. "Tangu Aprili. Na mimi nilikuwa nasema mzima." Sauti ilimpasuka. "Yeye alijaribu kuniambia, bosi. Mimi sikumtaka."

Mangan akaichukua sponji ile. Hakumfukuza hata mmoja wao, na nadhani wote wawili wangependa angewafukuza. Aliwanyamazia wiki nzima, wakasikia maneno yake kwa wengine: Crotty amemtoa Doonara kwa shamba moja la kuzalisha huko Tipperary, gari litakuja Ijumaa.

Ijumaa gari likaja saa nne asubuhi. Likateremsha ubao wake wa kupandia uani. Ivonete ndiye aliyemtoa Doonara bandani, kwa amri ya Mangan, na Nuala alikuwa mbali anazoa mavi kwenye banda la mwingine, kama alivyoahidi. Doonara alifika kwenye ubao akagoma. Ivonete akambembeleza, akampa mnanaa, akamwimbia kwa lugha ya kwao. Mnanaa akaula, ubao akaukataa. Robo saa. Dereva akaanza kuangalia saa yake.

"Shangazi!" Ivonete aliita. "Nina shida!"

Nuala akaegemeza koleo ukutani. Alikuja akichechemea, akachukua kamba. Hakumvuta. Alimpa mgongo tu akapanda ubao, kama alivyomfundisha yule mwoga wa ndoo miaka miwili nyuma, kwamba mahali Nuala anapopita hapana kitu cha kutisha. Kwato zikagonga ubao nyuma yake, moja, mbili, tatu, nne. Doonara alimfuata mpaka ndani, akaweka kidevu begani kwake, na pale gizani, sikioni mwake, akatoa ule mlio mdogo wa puani.

"Unaona?" Ivonete alisema kutoka chini, machozi yanamtoka. "Kumbe ni wako."

Nuala alifunga kamba kwenye pete ya ukutani. Aliifunga vizuri, akaijaribu mara mbili, akampangusa pua kwa kiganja kitupu. Kisha akashuka, na dereva akainua ubao.